Siku Kiherehere Alipokaa Kimya

Tuseme ukweli mapema tusije tukalaumiana mbele ya safari: Mzee Taratibu alikuwa mwoga. Si mwoga wa kujificha uvunguni, hapana. Alikuwa mwoga wa kawaida, yule anayevuka upande wa pili wa barabara akiona mbwa, hata kama mbwa mwenyewe amelala usingizi wa pono. Bahasha yenye mhuri ikiletwa nyumbani, kijasho chembamba kilimtoka kabla hajaifungua. Ngazi aliishika kwa mikono miwili akiwa bado amesimama chini. Watu wa mtaa wa maseremala walimjua hivyo na walimpenda hivyo hivyo, kwa sababu katika miaka thelathini na moja ya kuwabebea kazi zao hajavunja hata kioo kimoja.

Kazi yake ilikuwa kubeba milango. Milango, madirisha, vitanda, kabati, chochote kilichotoka kwenye karakana za mtaa ule kikienda kwa mteja. Vichochoro vyenyewe lori haliingii, na ukisema upandishe kabati la milango mitatu kwa mkokoteni wa kusukuma, utafika kwa mteja ulimi uko nje. Gari la farasi ndilo lililopita. Kwanza alilipanda na marehemu baba yake, kisha peke yake, amekaa juu ya kibao cha mbele, hatamu mkononi, akiita kila kona: "Taratibu! Taratibu!" Jina lilitoka hapo, na lile alilopewa na wazazi likabaki kwenye kitambulisho.

Sasa mtu wa namna hiyo, angalia Mungu alivyo na utani, akapata farasi jike mwenye moto wa kuotea mbali. Rangi ya udongo wa tofali, mguu mmoja mweupe hadi gotini, masikio hayatulii. Wiki ya kwanza tu alimvua fundi mmoja kofia akaitafuna, akafukuza mbuzi wa watu, akarudi akiwa amejaa furaha tele. Wakamwita Kiherehere, na hakuna aliyepinga. Asubuhi kabla jua halijachomoza alikuwa akipiga mlango wa banda kwa kwato, ngo, ngo, ngo, kama mwenye nyumba anayedai kodi, na akifungwa kwenye gari hakusubiri kuambiwa twende. Miaka tisa Mzee Taratibu alikaa nyuma ya mkia ule roho ikiwa juu, na miaka tisa hiyo hiyo hakuna kiumbe alichokipenda zaidi, ukimtoa mkewe.

Na mkewe, ehee, hapo ndipo penyewe.

Bibi huyu alifuga kuku. Alianza na sita, wakafika mia na ushee, na majirani wakamwita Mama Kuku bila kumvunjia heshima. Alikuwa mchapakazi, msafi, mwenye huruma kwa wagonjwa, na alikuwa na mdomo. Hakupiga mtu, hakutukana mtu. Alisema tu. Ukimkosea asubuhi, atasema akifagia, atasema akipepeta mchele, atasema wewe ukiwa chooni na yeye yuko nje ya mlango, na kabla hajamaliza la leo atakukumbusha na la mwaka ule ulipoacha geti wazi. Mzee Taratibu angekubali kulala na mbwa watatu kuliko kusikia mkewe akianza na lile neno lake, "Hivi mwenzangu..."

Vyakula vya wanyama wao vilikaa stoo moja, nyuma ya jiko. Kulia majani makavu na pumba za Kiherehere, kushoto magunia ya chakula cha vifaranga. Sheria ilikuwa moja na ilitangazwa kila mwezi. "Gunia langu lisiguswe. Mimi siingii upande wako, na wewe usiingie upande wangu."

Basi ikatokea kinu kinachowauzia pumba kikaharibika. Mwenye kinu akasema leo kesho, leo kesho, na siku ya tatu pipa la pumba likawa tupu. Majani makavu yalikuwepo, lakini Kiherehere alizoea ndoo yake, na asipoipata alikuwa akimsukuma mzee mgongoni kwa kichwa, akinusa mifuko yake, akimtazama. Mzee Taratibu hakuweza kuyavumilia macho yale. Mkewe alikuwa amekwenda kuuza mayai. Akaingia upande wa kushoto, akafungua gunia, akachota ndoo nzima. Kiherehere kwanza alikinusa chakula kile na kukiacha, lakini mzee akakinyunyizia molasi kidogo na kukikoroga, na hapo akala. Jioni tena. Kesho yake asubuhi na jioni. Mzee aliona ametenda wema, chakula cha vifaranga kina nguvu, kila mtu anajua, kinamfanya kifaranga awe kuku kwa wiki chache. Kitamdhuru nini mnyama mkubwa vile?

Kilichomtisha ni gunia. Lilikuwa limekonda, limelegea tumbo. Akafikiri, akapata akili ya mwizi wa mara ya kwanza: akamimina ndooni chakula kilichobaki guniani, akakunja magunia matupu manne akayashindilia chini, kisha akarudisha chakula juu yake na kusawazisha kwa kiganja. Gunia likajaa vizuri, ungeapa halijaguswa. Akajipanga kuwa kinu kikifunguliwa atanunua jingine na kuliweka mahali pake kimyakimya. Akalala salama.

Asubuhi iliyofuata hakusikia kwato.

Aliamka mwenyewe, jua limeshaingia dirishani, akashangaa amelala vipi hadi saa hiyo. Akakaa kitandani akisikiliza. Kuku walikuwa wakilia, mkewe alikuwa akiwapigia mdomo, seremala jirani alikuwa ameshaanza kupiga randa. Bandani kimya. Akatoka na viatu mguu huu na huu visivyolingana.

Kiherehere alikuwa amesimama pembeni, uso umeelekea ukutani, kichwa kimeinama hadi magotini. Masikio, yale yasiyotulia, yalikuwa yameanguka pembeni. Majani ya jana yalikuwa kwenye hori, hayajaguswa.

"Mama," mzee alimwita, maana alizoea kumwita hivyo wakiwa wawili. "Mama, vipi? Umeamka vibaya?"

Farasi hakugeuza hata sikio. Mzee akamgusa shingo, mkono ukarudi umelowa jasho, na asubuhi yenyewe ilikuwa ya baridi. Akamshika kwato moja moja, labda msumari. Hapana. Akamfungua mdomo, labda jino. Hapana. Akamtazama ufizi, akanusa pumzi yake, akapapasa tumbo, akatafuta kupe chini ya mkia na nyuma ya masikio. Akachungulia ndoo ya maji, ilikuwa imepungua kidogo tu. Labda jua la juzi, walipopandisha ile milango kumi ya shule. Labda homa. Labda ameumwa na kitu. Kila alichokifikiria kilikuwa kibaya kuliko cha kwanza.

"Mke wangu!" alipiga kelele. "Njoo! Kiherehere anakufa!"

Mkewe alikuja mbio na kijiko cha kupimia mkononi. Alimtazama farasi mara moja tu, akakitupa kijiko chini na kutoa simu kwenye kifua cha gauni. Mumewe na simu hawakupatana, kila akiishika inakata, kwa hiyo aliyepiga ni yeye, na akaiweka kwenye spika ili wote wasikie.

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti isiyo na haraka. Alikuwa mbali, anazalisha ng'ombe, angefika baada ya saa moja hivi.

"Mzee, nisikilize," alisema. "Amekula?"

"Hajagusa kitu, daktari."

"Amekunya tangu jana?"

"Kidogo. Laini."

"Juzi na jana alifanya kazi nzito?"

"Juzi, ndiyo. Jana nusu siku. Lakini kazi kwake ni mchezo, mwanangu, wewe unamjua, huyu haendi, huyu anaruka."

"Haya. Amebadilishiwa chakula? Chochote kipya, siku mbili tatu hizi? Majani mengine, nafaka, mabaki ya jikoni?"

Simu ilikuwa mkononi mwa mkewe. Mkewe alikuwa amesimama pale, hatua moja, anamtazama usoni.

Tuwe wakweli, jibu lilifika hadi kwenye meno. Aliliona gunia, akaona yale magunia manne yaliyokunjwa, akasikia "Hivi mwenzangu" ya wiki nzima, ya mwezi mzima, mbele ya seremala na mbele ya wateja wa mayai. Akajiambia, lakini chakula ni chakula, hakiwezi kuwa ndicho.

"Hapana," alisema. "Chakula chake ni kile kile."

"Una hakika?"

"Hakika kabisa."

"Basi huenda ni msokoto wa tumbo, ule mdogo," sauti ya daktari ilisema. "Mtoe bandani, mtembeze polepole uani asije akalala na kujigaragaza. Nakuja."

Mzee akamfunga farasi kamba kichwani, akamtoa. Ua haukuwa mkubwa, ulizunguka kisima, tanuri bovu na gari lenyewe lililoegeshwa, ile miti yake miwili ya kufungia farasi ikiwa chini. Kiherehere alitembea kama bibi kizee anayetafuta miwani. Mzunguko wa kwanza. Wa pili. Miguu ya nyuma ilikuwa ikipishana, mara mbili akayumba na mzee akamwegemeza kwa bega lake mwenyewe. Seremala jirani aliacha randa akaja kusimama kwenye uwazi wa geti, vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Mzee, huyu hataki kutembea," seremala alisema.

"Daktari kasema."

"Daktari hajamwona."

"Kasema!" mzee alifoka, na hajawahi kumfokea mtu.

Mzunguko wa tisa, Kiherehere alisimama akakojoa. Mkojo ulikuwa mweusi kama kahawa isiyo na maziwa. Mzee Taratibu aliutazama ukipenya mchangani. Mkewe akasema "Yarabi," basi, akanyamaza, na kunyamaza kwake kulimtisha mumewe kuliko mkojo. Kumi. Kumi na moja. Alikuwa akivuta kamba huku machozi yanamtoka bila yeye kujua.

Pikipiki ya daktari iliingia. Hakusalimia mtu. Alimwekea Kiherehere kifaa cha kusikilizia nyuma ya kiwiko, akakunja uso, akakihamisha, akasikiliza tena muda mrefu sana.

"Msimamisheni. Asipige hatua nyingine," alisema. "Hili si tumbo. Moyo unakwenda mbio, kisha unaruka, kisha unakimbia tena. Na mkojo huu ni misuli inayokufa. Mzee, huyu amekula sumu. Nimekuuliza kwenye simu na nakuuliza tena. Amekula nini?"

Mzee akamtazama mkewe. Kisha akamtazama Kiherehere, ambaye paji lake lilikuwa limelala kifuani pake kwa uzito wote.

"Chakula cha vifaranga," alisema kwa sauti ya kunong'ona. "Ndoo nne. Nilichota kwenye gunia la mke wangu hapa."

Daktari alifumba macho kidogo.

"Mle ndani wanachanganya dawa, mzee, ya kuwazuia vifaranga kuhara damu. Kuku anaimudu. Farasi inamla moyo. Inaumega."

"Sikujua."

"Najua hukujua. Lakini nilikuuliza." Alikuwa tayari anafungua mkoba wake, na aliongea akiwa ameinama. "Aliyekula kile hatembezwi. Hata hatua. Kila mzunguko ulioupiga hapa uani umeukata kwenye moyo wake."

Hapana, hakusema kwa ukali, na ingekuwa afadhali angesema kwa ukali. Mzee Taratibu akaanza kuhesabu mizunguko tangu mwanzo, kwa midomo, akafika kumi na moja, akaanza tena.

Mkewe aliingia stoo. Walimsikia akifungua gunia, wakasikia chakula kikimwagika sakafuni, kisha kimya. Alitoka ameshika gunia tupu moja, limekunjwa vizuri mara nne. Mzee alijikunyata akisubiri. Mkewe aliliweka juu ya kisima, akakunja mikono ya gauni na kumuuliza daktari, "Nishike wapi?"

Walimpa dawa ya mkaa kwa mpira wa puani, wakamtundikia maji ya chupa, wakamrudisha bandani kwa hatua nane za kuhesabu. Siku tatu Mzee Taratibu hakutoka mle. Alikula humo humo, alisali humo humo, na kila baada ya muda aliweka sikio kwenye mbavu za farasi na kusikiliza. Duk, duk, kimya. Katika kile kimya yeye mwenyewe hakupumua. Duk. Haya, bado yupo.

Na mdomo wa mkewe? Haukufunguka. Alileta uji, akaleta blanketi, akachukua ndoo na kurudi na maji, yote bila neno. Mumewe alikuwa akimtazama kwa kuibia kama mtu aliyekaa chini ya ukuta wenye ufa.

Siku ya nne Kiherehere alikula majani. Siku ya saba alimsukuma mzee mgongoni kwa kichwa, na mzee akalia hadi akaishiwa. Daktari alikuja, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Anajisikia vizuri, na hiyo ndiyo hatari yake," alisema. "Moyo umebaki na kovu. Miezi miwili ndani, bila gari, bila mbio. Baada ya hapo tutaona, lakini kuvuta mzigo, mzee, usahau. Akinyong'onyea usiogope. Akichangamka ndipo uogope."

Basi maisha yakapinduka. Mtu ambaye alikuwa akiomba farasi wake achangamke sasa aliomba asichangamke. Kiherehere akiinua masikio, mzee anatetemeka. Akipiga mlango kwa kwato, mzee anakimbilia kumbembeleza: "Tulia mama, tulia, hakuna kazi leo, leo mapumziko." Alitundika gunia dirishani asione barabara. Aliongeza gogo la pili mlangoni.

Siku ya kumi na mbili, asubuhi, seremala alikuja kwa nia njema. Alikuwa na vitanda viwili vya kupeleka, na walikwishakubaliana kuwa ataazima gari alivute mwenyewe na mafundi wenzake wawili. Mzee alikuwa kisimani akichota maji. Wakainua miti ya gari, wakasukuma, magurudumu yakalia ule mlio wake, na gari likaanza kutoka getini.

Kiherehere alilisikia. Miaka tisa gari lile halijawahi kutoka bila yeye.

Walisikia mbao zikipasuka. Gogo la kwanza likaruka, la pili likaanguka pamoja na bawaba, na farasi akatoka bandani kichwa juu, mkia juu, akapita kisimani akamwagia mzee maji yote. Alikimbia! Wee, alikimbia kama siku ya kwanza aliyonunuliwa. Mafundi waliacha gari wakaanza kupiga makofi. Karakana zote zilitoa vichwa. "Kiherehere amepona! Kiherehere huyoo!" Mtu akapiga mluzi, wanawake waliokuja kununua mayai wakapiga vigelegele.

"Nyamazeni!" Mzee Taratibu alikuwa akikimbia nyuma yake, mikono hewani. "Msimshangilie! Jamani msimshangilie! Mama, simama! Simama!"

Mtu mwoga yule, aliyekuwa akivuka barabara kwa kumwogopa mbwa aliyelala, alikata mbele yake na kutanua mikono. Kiherehere alimkwepa kwa upole kabisa. Akafika kwenye gari. Akageuka mwenyewe, akarudi kinyumenyume hadi katikati ya miti miwili, mahali pake, akasimama tayari kwa kufungwa, anahema, masikio yamesimama, anamtazama mzee kama anayeuliza wanasubiri nini.

Kisha magoti ya mbele yakakunjika.

Makofi yalikatika, si yote kwa pamoja, maana waliokuwa mbali hawakuelewa upesi. Mzee alifika, akajitupa chini, akaweka sikio mbavuni. Duk. Alisubiri. Akabonyeza sikio zaidi, akasubiri, akamwinulia mkono seremala asizungumze. Alikaa hivyo muda mrefu, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Mkewe alipita katikati ya watu. Walimpisha, na wengine walitazama chini, kwa sababu walijua mdomo wake na habari ya gunia ilishaenea mtaa mzima. Mzee alimwona akija, akainua uso.

"Sema," alimwambia. "Sema tu mke wangu, leo nastahili kusemwa."

Mkewe alikaa chini, pale pale vumbini, na gauni lake safi. Akaweka kiganja kwenye shingo ya farasi ambayo bado ilikuwa ya moto.

"Ungeniambia," alisema. "Pale kwenye simu, ungesema tu. Ningekugombeza siku mbili, ya tatu ningechoka."

Mzee Taratibu alimjua mkewe, wameishi pamoja miaka ishirini na tisa, na alijua kuwa ni kweli. Hata hizo siku mbili zisingefika.